SOMO LA LEO: SIMU MOJA, WENYE NAYO WANNE, MAJIBU MANNE

Leo tuongee kuhusu simu. Siyo simu ya kuringia, nazungumzia simu ya kazi. Ile inayopokea oda, inayopiga picha ya mzigo, inayoingiza malipo. Kwa wengi wetu simu ndiyo duka, ndiyo daftari na ndiyo droo ya hela. Ikikuangusha, biashara inasimama.

Mimi nauza vitenge na mashuka hapa Tandika, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi hawafiki kibandani, wanachagua kwa picha za WhatsApp. Simu yangu ya zamani ilipochoka nilikuwa nimetenga 450,000 ya kununua nyingine. Kwa mtu wa mtaji mdogo hiyo siyo hela ya kuchezea, kwangu ni karibu robo ya mzigo. Kwa hiyo kabla sijaitoa mfukoni nilitafuta watu wanne wenye simu ileile niliyoipenda, wote wachakarikaji kama sisi, nikawauliza mambo matatu: kioo, kamera na bodi.

Jina la simu sitalitaja. Somo la leo siyo kuitangaza wala kuiponda.

WALICHOSEMA

Wa kwanza, kijana wa viatu vya mtumba. Anayo wiki mbili. "Boss, hii simu ni moto. Kioo kinang'aa, picha kali, nyembamba mkononi. Chukua tu."

Wa pili, dada anayeuza samaki Feri. Anayo miezi 8. "Asubuhi haina neno. Saa sita jua likiwaka, kioo sikioni. Natazama giza."

Wa tatu, mama anayeoka keki nyumbani. Anayo miezi 5. "Mchana picha zinatoka safi. Usiku chini ya taa, keki nyeupe inatoka ya njano, ina chengachenga."

Wa nne, bodaboda anayesambaza mizigo. Anayo mwaka na miezi miwili. "Imeanguka, nimebadilisha kioo. Tangu hapo kufungua kwa kidole hakuna. Tundu la chaji nalo limelegea."

Sasa hapo nani mkweli? Wote wanne. Simu ni moja, lakini mmoja bado yupo kwenye fungate, mwingine yupo juani, mwingine anafanya kazi usiku, mwingine yupo barabarani. Ndiyo maana ukiuliza tu "simu hii nzuri?" unapata jibu la maisha ya mwenzako, wakati unachotafuta ni jibu la biashara yako.

Twende kimoja kimoja.

1. KIOO

Vioo vya simu janja vingi ni vya aina mbili. LCD kina taa nyuma inayomulika kioo chote. AMOLED kila kinukta kinajiwashia mwanga wake, ndiyo maana rangi nyeusi inakuwa nyeusi kweli na rangi nyingine zinakolea. Mwangaza wa kioo unapimwa kwa niti. Kadiri niti zinavyokuwa nyingi, ndivyo unavyosoma vizuri juani.

Lakini angalia hapa. Ile namba kubwa wanayoitangaza mara nyingi ni ya kilele, kioo hakikai nayo kutwa. Na simu ikipata joto kali inajipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue. Dar mwezi wa Februari hewa inapita nyuzi 30 kivulini. Simu iliyolala juu ya meza juani joto lake linapanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo saa unayohitaji mwanga zaidi, ndiyo saa simu inakupunguzia. Ndicho kinachomkuta yule dada.

Na hili siyo jambo la macho tu. Siku moja mchana mteja alichukua samaki wa 45,000, akamwonyesha dada meseji ya malipo kwenye simu yake mwenyewe, akasema "imeshaingia hiyo, angalia." Dada akajaribu kusoma kioo chake, hakuona kitu, foleni inasukuma, akatoa samaki. Jioni kuangalia salio, hela haikuingia. Mtaji wake wa siku ni kama 150,000. Karibu theluthi nzima ikaenda na mteja asiyemjua.

Jaribio la dukani: mwombe muuzaji mtoke nje, juani kabisa, dakika mbili tatu. Fungua meseji zenye maandishi madogo, usome. Muuzaji akikataa simu isitoke nje, mwambie mtoke wote naye aishike yeye, wewe unasoma tu.

Na uulize bei ya kioo kabla kioo hakijapasuka. Nenda kwa fundi wako, muulize: "Kioo cha simu hii bei gani, cha orijino na cha kopi?" Cha AMOLED kwa kawaida ni ghali kuliko LCD. Ukiwekewa cha kopi cha bei rahisi kwenye simu inayosoma kidole chini ya kioo, mara nyingi kidole hakisomi tena. Bodaboda wetu ndilo lililomkuta.

2. KAMERA

Usidanganyike na wingi wa kamera nyuma. Kwenye simu za bei yetu, mara nyingi inayofanya kazi ya kweli ni moja, ile kubwa. Zile nyingine za megapikseli 2 zimewekwa zaidi kujaza nafasi na kupendezesha boksi.

Hata hiyo kubwa ya megapikseli 50, kwa kawaida inaunganisha vinukta vinne kuwa kimoja, picha inatoka ya megapikseli 12 na kidogo. Siyo wizi, inafanya hivyo ili picha iwe na mwanga mzuri. Ila ujue kwamba 50 haimaanishi inaishinda 12 mara nne. Halafu ukituma kwa WhatsApp picha inapunguzwa tena. Ukiona alama ya HD kabla ya kutuma, ibonyeze, mteja atapata picha iliyo bora zaidi.

Kwa sisi wa nguo kuna mtego mwingine. Kioo cha AMOLED kikiwa kwenye mpangilio wa rangi za kukoza, kitenge kinaonekana kinawaka kwenye simu yako. Mteja ana simu yenye kioo cha kawaida, au akipokea mzigo anaona rangi imepoa. "Hiki sicho nilichoagiza." Mzigo unarudi, nauli imekwenda, na imani imekwenda nayo. Ingia kwenye mipangilio ya kioo, chagua rangi za asili. Utaona picha kama wengi wanavyoiona.

Mama wa keki tatizo lake kubwa lilikuwa taa. Kamera ndogo ikikosa mwanga inalazimisha, ndiyo zile chengachenga. Taa ya njano nayo inapaka kila kitu unjano. Sasa hivi keki akiimaliza usiku anaipiga asubuhi karibu na dirisha, kivulini, kabla mteja hajaja kuichukua. Simu ni ileile, na picha zimetakata.

Jaribio la dukani: nenda na bidhaa yako. Mimi nilikwenda na kipande cha kitenge chekundu na cha zambarau, maana hizo rangi zinasumbua. Piga picha mlangoni, piga nyingine ndani chini ya taa, zima kile kinachosafisha sura, kisha jitumie kwenye simu yako ya zamani. Ziangalie huko, ukilinganisha na kitenge chenyewe mkononi. Unachokiona huko ndicho atakachokiona mteja.

3. BODI

Mgongo wa kioo unapendeza, lakini ukianguka unapasuka. Mgongo wa plastiki unachubuka ila unavumilia. Kwa mtu wa sokoni, plastiki siyo aibu. Simu ya bodaboda imeanguka mara kadhaa, mgongo umejaa michubuko na haujapasuka.

Kwenye boksi au maelezo ya simu tafuta herufi IP na namba mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 maana yake imekingwa vumbi kiasi na inastahimili maji ya kurukia, kama manyunyu. IP67 vumbi haliingii, na inastahimili kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Lakini vipimo hivyo ni vya maji safi na simu mpya. Maji ya chumvi, sabuni na simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi ni habari nyingine. Na warantii nyingi hazilipi simu iliyoingia maji, hata kama ina namba hiyo. Soma kabla.

Kuhusu kioo "kigumu kisichochubuka": mchanga wetu una chembe ngumu kuliko kioo. Simu ikikaa mfuko mmoja na sarafu, funguo na mchanga wa sokoni, itachubuka tu. Weka protekta siku ya kwanza, na kava lenye kingo zilizoinuka kidogo. Tundu la chaji lisafishwe vumbi mara kwa mara, taratibu, simu ikiwa imezimwa, kwa kijiti kikavu cha mbao. Usitumie sindano.

MASWALI YA KUMUULIZA MWENYE SIMU

Ukikutana na mtu mwenye simu unayoitaka, acha "nzuri?" Muulize hivi:

- Unayo tangu lini? Chini ya miezi mitatu, sikiliza ila usiamulie hapo.
- Unaitumia wapi zaidi, juani au ndani? Mchana au usiku?
- Imeshaanguka? Nini kiliharibika, na fundi alichukua shilingi ngapi?
- Nini kilikuwa kizuri ulipoinunua na sasa hakiko vilevile?
- Ungekuwa na hela ileile leo, ungeichukua tena?

Hilo la mwisho ni zuri sana. Bodaboda alikaa kimya kidogo, akasema, "Ningeichukua, ila siku hiyohiyo ningenunua kava." Hapo nimepata jibu la kazi.

HESABU YA MWEZI

Usiangalie bei tu, igawe kwa miezi. Tuchukue mfano. Simu ya 450,000 ikikaa miezi 24 bila kuguswa na fundi, inakugharimu 18,750 kwa mwezi. Simu ya 280,000 ukiibadilisha kioo kwa 80,000 na ikafa baada ya miezi 12, ni 360,000 gawa kwa 12, sawa na 30,000 kwa mwezi. Ile rahisi ndiyo imekuwa ghali. Lakini inaweza pia kugeuka: ya 450,000 ikizama majini mwezi wa pili, umelipa 225,000 kwa mwezi. Ndiyo maana mazingira ya kazi yako yanaingia kwenye hesabu.

UAMUZI

Mimi niliichukua. Nauza kivulini, napiga picha mchana, na kitenge chekundu kilitoka chekundu. Kabla ya kulipa nilibonyeza *#06#, nikaipata IMEI ya tarakimu 15, nikaituma kwa meseji kwenda 15090 kuhakiki. Tusisahau tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia; waliouziwa feki walibaki na kopo mkononi. Halafu nikadai risiti yenye IMEI ileile iliyoandikwa kwenye boksi. Bila hiyo, warantii ni maneno ya mdomoni.

Dada wa samaki je? Nilimwambia asikimbilie kununua simu nyingine ya bei kubwa. Laini ya malipo akaihamishia kwenye kitochi, kile cha batani, ambacho maandishi yake yanasomeka hata jua la utosi. Simu janja inakaa kwenye mkoba kivulini, anaitoa akitaka kupiga picha au kujibu oda. Na ana sheria moja sasa: meseji kwenye simu ya mteja siyo malipo. Mpaka iingie kwake, na akiwa na shaka anaangalia salio, ndipo samaki anatoka. Foleni isubiri.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujatoa hela ya mtaji kununua simu, andika kwanza kwenye daftari mambo matatu: nafanyia kazi wapi, napiga picha ya nini, na simu yangu huwa inapata ajali gani. Ukishajua hayo, tafuta mwenye simu ambaye kazi yake inafanana na yako. Maneno ya huyo mmoja yatakufaa kuliko sifa za watu kumi wanaofanya kazi tofauti na yako.

Wewe unauza nini, na simu yako ina muda gani? Tuandikie hapo chini: kioo, kamera, bodi. Kuna mwenzako anataka kununua kesho, atakusoma leo.

Biashara njema.