INSHA YA HOJA: Tuhuma za Ubaguzi wa Rangi Kati ya Wachezaji wa Soka

Insha ya hoja inakutaka uchukue msimamo na kuutetea kwa sababu na mifano. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kutoa hukumu katika aya ya kwanza, kisha kuirudia hukumu hiyohiyo mpaka mwisho. Katika somo hili tutatumia mada ya mpira wa miguu kujifunza namna ya kupima jambo lenye pande mbili kabla ya kuhukumu.

Swali la mfano

"Mchezaji anayetuhumiwa kumtukana mwenzake kwa sababu ya rangi yake afungiwe siku hiyohiyo." Jadili kauli hii kwa insha ya hoja yenye maneno yasiyozidi 300.

1. Lielewe swali

Pigia mstari neno *anayetuhumiwa*. Swali halikusema "aliyetukana". Tuhuma ni madai ambayo bado hayajathibitishwa. Kwa hiyo mbele yako wapo watu wawili: mlalamikaji, anayesema ametukanwa, na mtuhumiwa, anayesemwa kuwa ametukana. Kila mmoja ana haki zake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inawalinda wote wawili katika ibara moja. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na rangi imetajwa humo pamoja na kabila, dini na mahali mtu alipotoka. Ibara hiyohiyo, katika ibara ndogo ya (6), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Mtahiniwa anayetumia nusu moja tu ya ibara hii ameandika nusu ya jibu.

2. Visa vitatu vya kukupa hoja

*(a) Suárez na Evra, 2011.* Tarehe 15 Oktoba 2011, Liverpool na Manchester United zilitoka sare ya 1–1 katika uwanja wa Anfield. Patrice Evra wa United alilalamika kwamba Luis Suárez, raia wa Uruguay, alimtukana kwa rangi yake walipokuwa wakijibizana kwa Kihispania. Hakuna mchezaji mwingine wala mwamuzi aliyesema amesikia. Suárez alikiri kutumia neno lenye maana ya "mweusi" mara moja tu, akasema kwao Uruguay ni neno la kawaida, hata la kirafiki.

Tume huru iliyoundwa chini ya Chama cha Soka cha Uingereza iliwaita wataalamu wa lugha. Walieleza kwamba kweli neno hilo linaweza kuwa la kirafiki Uruguay, lakini likitumika jinsi Evra alivyoeleza, katikati ya ugomvi, ni tusi. Tume ililinganisha maelezo ya wachezaji wote wawili na picha za video, ikaona maelezo ya Evra yanaaminika zaidi. Suárez alifungiwa mechi 8 na kutozwa faini ya paundi 40,000. Hata hivyo, Evra mwenyewe alisema hadhani kwamba Suárez ni mbaguzi. Kilichohukumiwa ni maneno yaliyosemwa siku ile.

Hoja unayoipata: *maana ya neno hutegemea muktadha, na ushahidi unaweza kupatikana hata pasipo shahidi aliyesikia.*

Wewe mwanafunzi wa Kiswahili unalijua jambo hili. Katika karne ya 19 misafara kutoka bara ilipofika Bagamoyo, watu wa pwani waliojiita *waungwana* waliwaita watu wa bara *washenzi*. Leo "mshenzi" ni tusi la jumla analoweza kuambiwa mtu yeyote. Zama zile neno hilo lilitenga watu kwa asili yao. Kwa hiyo kamati inayosikiliza tuhuma haiulizi tu "neno gani lilisemwa?" Inauliza pia: nani alimwambia nani, wapi, na kwa nia gani?

*(b) Terry na Ferdinand, 2011–2012.* Tarehe 23 Oktoba 2011, John Terry wa Chelsea alituhumiwa kumtukana Anton Ferdinand wa Queens Park Rangers. Video ilionyesha midomo yake ikitamka maneno hayo. Terry alikubali kwamba aliyatamka, ila akadai alikuwa akiyarudia ili kukana kwamba amemtukana Ferdinand. Mwezi Julai 2012 mahakama ya jijini London ilimwachia huru, kwa sababu maelezo yake yaliacha shaka. Mwezi Septemba 2012 tume ya Chama cha Soka ilimwona ana kosa, ikamfungia mechi 4 na kumtoza faini ya paundi 220,000.

Usiseme kwamba vyombo hivi vilipingana. Mahakama ya jinai hutaka kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi, maana mtu anaweza kuingia katika kumbukumbu za wahalifu. Tume ya nidhamu hupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Tukio lilikuwa moja, mizani zilikuwa mbili.

Hoja unayoipata: *kuachiwa huru mahakamani hakumaanishi kwamba tukio halikutokea, na kufungiwa na tume hakumfanyi mtu kuwa mhalifu wa jinai.*

*(c) Kamara na Kúdela, 2021.* Tarehe 18 Machi 2021, katika mechi ya Ligi ya Europa mjini Glasgow, Ondřej Kúdela wa Slavia Prague alimsogelea Glen Kamara wa Rangers, akaziba mdomo kwa mkono na kumwambia neno sikioni. Kamara alisema ni tusi la rangi. Kúdela alikiri kutukana ila akakana kutaja rangi. UEFA ilimfungia Kúdela mechi 10, kiwango cha chini kabisa katika kanuni zake kwa kosa hilo. Kamara naye alifungiwa mechi 3 kwa kumshambulia Kúdela baada ya mchezo.

Hoja unayoipata: *kutukanwa hakumpi mtu ruhusa ya kujichukulia sheria mkononi.* Hasira hasara.

3. Hali ya nyumbani

Klabu za Ligi Kuu Tanzania Bara zina wachezaji kutoka Kongo, Ghana, Burkina Faso, Ivory Coast na kwingineko, hivyo matusi ya asili na rangi si jambo la Ulaya peke yake. Mlalamikaji amwambie nahodha wake na mwamuzi palepale. Mwamuzi na kamisaa wa mchezo waandike katika ripoti zao. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lina Kamati ya Nidhamu, na asiyeridhika na uamuzi anayo nafasi ya rufaa. Mwezi Mei 2024, mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Bangkok ulipitisha ishara ya kupishanisha mikono penye vifundo vyake, ambayo mchezaji huionyesha ili mwamuzi ajue kwamba amebaguliwa.

4. Mpango wa insha

- Utangulizi: fafanua ubaguzi na tuhuma, taja msimamo wako (aya 1).
- Kiini: hoja tatu, kila moja katika aya yake na mfano wake.
- Hoja pinzani: ieleze kwa haki, kisha ijibu (aya 1).
- Hitimisho: rudia msimamo kwa maneno mapya, toa pendekezo (aya 1).

5. Insha ya mfano

SIKILIZA HARAKA, HUKUMU KWA USHAHIDI

Ubaguzi wa rangi ni kumdharau mtu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Uwanjani mara nyingi huwa ni neno moja linalosemwa kwa sauti ya chini, wachezaji wawili wakiwa wamekaribiana. Je, anayetuhumiwa afungiwe siku hiyohiyo? Siungi mkono kauli hiyo. Malalamiko yasikilizwe siku hiyohiyo, lakini adhabu ingoje ushahidi.

Kwanza, tuhuma si uthibitisho. Tuseme katika uwanja wa Mwanakalenge, Bagamoyo, beki analalamika kwamba mshambuliaji amemtukana kwa weusi wake. Mwamuzi hakusikia. Mshambuliaji akifungiwa kwa kauli ya mtu mmoja tu, kesho timu yoyote itaweza kumwondoa mpinzani hodari kwa kudai ametukana.

Pili, ushahidi hupatikana ukitafutwa. Mwaka 2011 hakuna mwingine aliyesema amemsikia Luis Suárez akimtukana Patrice Evra. Tume ilipochunguza maelezo na picha za video ilimfungia Suárez mechi 8. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miezi miwili, na klabu yake haikukata rufaa.

Tatu, pupa humuumiza hata mlalamikaji. Adhabu isiyo na uchunguzi huweza kufutwa katika rufaa, na hapo aliyetukanwa kweli huonekana mwongo mbele ya mashabiki.

Hata hivyo, wanaounga mkono kauli hii wana hoja nzito. Uchunguzi ukichelewa, aliyetukanwa hubaki na uchungu wake huku mtuhumiwa akiendelea kushangiliwa. Dawa yake ni kuharakisha usikilizaji. Mwamuzi aandike palepale, kamisaa achukue maelezo ya mashahidi kabla hawajaondoka uwanjani, na kamati ikutane mapema.

Kwa kuhitimisha, kumpuuza mlalamikaji ni dhuluma, na kumwadhibu mtuhumiwa bila kumsikiliza ni dhuluma pia. Napendekeza kila ligi, hata ya wilaya, iwe na utaratibu ulioandikwa wa kupokea malalamiko ya ubaguzi. Anayelalamika asikilizwe leo. Anayetuhumiwa ahukumiwe kwa kilichothibitika.

6. Makosa ya kuepuka

- Kuandika "mbaguzi huyu" kuhusu mtu ambaye bado ni mtuhumiwa.
- Kuandika tusi lenyewe ili kunogesha insha. Inatosha kusema "tusi la rangi".
- Kudharau mlalamikaji kwa kusema "ni maneno tu ya mpirani". Hiyo ni kejeli, haina hoja ndani yake.
- Kutaja kisa bila kueleza kinathibitisha nini.

7. Zoezi

1. Tofautisha: (a) tuhuma na hatia, (b) mlalamikaji na shahidi.
2. Kwa nini John Terry aliachiwa na mahakama lakini akafungiwa na tume? Jibu kwa sentensi mbili.
3. Tumia neno moja la Kiswahili kuonyesha jinsi muktadha unavyobadilisha maana.
4. Wewe ni nahodha. Mchezaji mwenzako anakuja analia kwamba ametukanwa kwa rangi yake, na anataka kumrudia aliyemtukana. Andika maneno utakayomwambia, yasiyozidi 80.

*Dokezo la swali la 4:* Jibu zuri lina mambo matatu: linaonyesha umemsikiliza, linamzuia asipigane, na linataja hatua mtakayochukua pamoja kabla mechi haijaendelea.