Idhini Kwanza, Msumeno Baadaye

Msomaji wetu mmoja, mwenye shamba na kipande cha msitu wa misonobari katika jimbo la North Carolina, ambaye mali yake iliharibiwa na tufani ya Helene mnamo Septemba 2024, anatuuliza kwa nini amenyimwa auni ya serikali ilhali jirani yake, aliyepata hasara iliyo sawa na yake, amepewa. Jawabu, kwa masikitiko, limo katika barua yake mwenyewe: alikwisha kuondoa magogo na kusimamisha nyua zake kabla ya kufika katika ofisi ya kilimo.

Hapo ndipo wanaponaswa wengi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina mpango wa kutengeneza mashamba yaliyopatwa na maafa, uliotokana na sheria ya mwaka 1978, na mwingine wa kurudisha misitu ya watu binafsi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Yote miwili kwa kawaida huweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama, lakini kwa sharti kwamba ombi liandikwe, mkaguzi ajionee, na idhini itolewe kabla ya kazi kuanza, isipokuwa pale ofisi ilipotangaza ruhusa maalumu. Hivyo mwenye bidii, aliyekesha akifungua njia na kuwazuia ng'ombe wake wasipotee, ndiye akosaye. Piga picha, hifadhi risiti, kisha nenda katika ofisi ya kaunti yako ya Farm Service Agency, wakala wa wizara hiyo, kabla hujashika msumeno. Wala usimpe dalali hata senti kwa kukujazia fomu, kwani ombi la mipango hii halina ada. Na wewe uliyejiandikisha mapema katika mpango mwingine wa wizara hiyo, wa mazao yasiyo na bima, taarifa yako ya hasara yatakiwa ndani ya siku 15, na kwa mboga zichumwazo kwa mkono, ndani ya saa 72 tu.

Mtego wa pili ni ulimi wa karani, ambaye humwambia mtu kwa mdomo kwamba hastahiki, akamrudisha kwake mikono mitupu, bila karatasi wala hujja ya kukatia rufaa. Huo ni udhalimu, na sheria ya kilimo ya mwaka 2014 inailazimisha ofisi kumpa kila aombaye msaada stakabadhi yenye tarehe, mahali, ombi lenyewe, na lililotendwa au lisilotendwa. Ukikataliwa kwa maandishi, una siku 30 za kupeleka shauri lako katika Idara ya Taifa ya Rufaa ya wizara hiyo, isiyokuwa chini ya ofisi iliyokunyima. Wakulima weusi, ambao kesi yao ya Pigford dhidi ya wizara hiyo iliishia katika suluhu ya mwaka 1999, walilalamika miaka mingi kwamba maombi yao yalikataliwa au kucheleweshwa kwa ubaguzi. Kwa hiyo haki hizi za stakabadhi na rufaa tusizidharau.

Nayo sheria haikosi lawama. Mpango wa misitu humtazama mwenye ardhi, na mkata magogo, ambaye rasilimali yake ni msumeno, lori na deni, hana pa kushika. Bunge lilimkumbuka katika janga la korona, fedha zilipotengwa, dola milioni 200, kwa wakataji na wachukuzi waliopoteza mwaka 2020 angalau asilimia 10 ya mapato yao. Maombi yakafungwa Oktoba 2021. Haki ya namna hiyo yafaa iwe ya kudumu, na ruhusa ya kuondoa magogo ya hatari ianze siku ile ile ya maafa. Maadamu sheria haijabadilika, usitoke ofisini bila stakabadhi yako.