Fundisho la Mwezi: Juu ya Wosia, Urithi na Kumtafuta Wakili

Mwezi huu twataka kunena juu ya neno ambalo wengi hawapendi kulisikia: nani atashika kibanja, nyumba na ng'ombe siku ile tutakapokuwa hatupo. Wako wanaodhani ya kuwa kuandika wosia ni kujiitia mauti. Lakini sisi tuliozika wengi twajua kwamba mauti hayangoji wosia. Humjia aliyeandika na asiyeandika. Tofauti huonekana baada ya matanga.

Twaikumbuka nyumba moja. Mume alikuwa mtu mpole, mwenye bidii, na mkewe alilima pamoja naye zaidi ya miaka ishirini. Hakuandika neno lo lote. Hata kabla ya matanga kuvunjwa, ndugu zake walikuja wakahesabu migomba, wakataka ufunguo wa sanduku la karatasi. Mama yule akatujia, akauliza: "Baba Mchungaji, mimi ni nani katika nyumba hii?" Tulisali naye, lakini hatukujua kumwelekeza aende baraza gani. Tuliona haya. Basi tukajifunza, na tuliyojifunza twayaweka hapa, ili mwingine akiulizwa asikae kimya kama sisi.

1. Sheria zinazotumika

Katika Tanzania Bara iko njia zaidi ya moja ya kugawa mali ya marehemu. Ya kwanza ni sheria ya mila, iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Ya pili ni sheria ya Kiislamu, kwa Waislamu. Ya tatu ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa wakati wa utawala wa Waingereza.

Mkristo asidhani ya kuwa ubatizo peke yake humtoa katika sheria ya mila. Mahakama hutazama maisha ya marehemu: aliishi wapi, alioa kwa njia gani, aliyaendesha mambo yake kwa desturi ya ukoo au aliiacha. Twaulizwa, "Yapita nini kati ya hizo mbili?" Yapita mengi. Kwa sheria ile ya 1865, mtu akifa bila wosia, akiacha mke na watoto, mke hupata theluthi moja, na watoto hugawana theluthi mbili zilizosalia sawasawa, wa kiume na wa kike. Kwa mila iliyoandikwa mwaka 1963, mrithi mkuu ni mwana wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza. Wana wengine wa kiume humfuata, na mabinti huwa wa mwisho. Mjane hana fungu lake ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Na asiye na watoto, atatunzwa na nani?

Wako waliolipinga jambo hili. Huko Buhaya, mwanamke mmoja mzee aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshitaki, akisema mwanamke hawezi kuuza shamba la ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua katika shauri hilo, liitwalo Ephrahim na Pastory, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale yampasayo mwanamume. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema mwanamke ana haki ya kupata na kushika ardhi sawa na mwanamume. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema mjane yu huru kukaa apendapo, kuolewa tena na amtakaye, au kutoolewa kabisa. Kwa hiyo mtu asimwambie mjane ya kuwa yeye ni sehemu ya urithi.

2. Wosia ulio imara

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Wosia ni daftari la mwisho la mtu. Uandikwe mtu angali na akili timamu, kwa wino au kwa mashini ya kuchapa, utiwe tarehe na sahihi yake. Kwa mila, ajuaye kusoma na kuandika atake mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua atake wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wawepo pamoja wakati mmoja, wala wasiwe warithi.

Hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Kwa mila, mke aliyepo nyumbani naye hutakiwa kuushuhudia wosia. Lakini kwa sheria ya 1865, mtu akitia sahihi kama shahidi, lile fungu aliloachiwa katika wosia huo hubatilika. Mume aweza kumpa mkewe nyumba kwa moyo mwema, kisha akampoteza kwa kalamu ile ile. Ndiyo sababu twasema: mtafuteni mtu ajuaye sheria, kabla ya kutia sahihi.

3. Kumtafuta wakili

Neno la kwanza: ulizeni mahali panapojulikana. Mawakili wa Tanzania Bara wamo katika Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichoundwa mwaka 1954. Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya mawakili, tena ana cheti cha kufanya kazi kwa mwaka huu. Mwombeni awaonyeshe, wala msione haya, mwaminifu hatakasirika. Jihadharini na vishoka, watu wanaozunguka karibu na mahakama wakijifanya mawakili. Mihuri yao mizuri, lakini kazi yao ni hasara.

Neno la pili: mwulizeni kama amekwisha kufanya kazi ya mirathi, na ni sheria ipi itakayoongoza mali yenu. Akijibu upesi bila kuuliza mnaishi wapi na mlioana kwa njia gani, tafuteni mwingine.

Neno la tatu: patanisheni malipo yote mwanzoni, yaandikwe, nanyi mpewe stakabadhi. Tena mjane asimtumie wakili wa shemeji zake, hata akiambiwa ni bure. Mtumwa wa mabwana wawili humpendelea mmoja.

Neno la nne: asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwasaidia watu wasio na uwezo. Mwulizeni afisa wa ustawi wa jamii katika wilaya yenu. Tena Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia watu kuandika wosia na huuhifadhi. Wosia uliofichwa chini ya godoro huliwa na mchwa, au na ndugu.

4. Baada ya maziko

Kwanza pateni cheti cha kifo. Kisha familia ikutane, imchague msimamizi wa mirathi, na maneno ya kikao yaandikwe. Mjane na mabinti wawepo, nao watie sahihi. Ndipo mwende mahakamani, maana kikao peke yake hakimpi mtu mamlaka. Mahakama ndiyo humpa. Asiyeridhika aweza kupinga huko, kabla msimamizi hajathibitishwa.

Tena sikieni vema: msimamizi si mrithi wa yote. Yeye ni mtumishi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki, na kuipa mahakama hesabu. Msimamizi asiyetoa hesabu aweza kuondolewa.

Wazee wa kanisa, twawaomba neno moja. Mnapokwenda kufariji nyumba yenye msiba, msiishie kwenye wimbo na chai. Ulizeni kwa upole: iko wapi karatasi, yuko wapi ufunguo, nani anakaa na mama? Na ninyi akina baba, keti na mkeo jioni moja, mwandike pamoja mlicho nacho na mnachodaiwa. Siku ile mama akiuliza, "Mimi ni nani katika nyumba hii?", jibu liwe limekwisha kuandikwa kwa mkono wa mumewe.

Maswali ya kujifunza pamoja
1. Mke wako anajua karatasi za shamba zilipo?
2. Ukifa leo bila wosia, ni sheria ipi itakayogawa mali yako, na nani atakosa?
3. Katika mtaa wenu, ni mjane gani anayehitaji kusindikizwa mahakamani wiki hii?