Haki ya Njia: Siku Moja Biryogo na Nyamirambo



Ndugu msomaji, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba wasikae njiani. Wakamweleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapokutana na kuzungumza. Hakuwalazimisha waondoke. Aliwataka, ikiwa ni lazima wakae, waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi akawatajia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Hadithi hii nimeisoma darasani na kuifanyia mtihani. Nilipata alama nzuri. Kisha nikaenda Biryogo.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Mwenyeji wetu, ndugu wa jumuiya aliyekulia mtaa huo wa Kigali, alitushauri tulale kwao Ijumaa, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano maduka hufungwa, pikipiki na magari husimama, na watu wa mtaa hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Wenzangu walitoka na majembe. Mimi nilitoka na simu, nikijiambia kwamba ukurasa wa jumuiya yetu unahitaji video.

Watu walikuwa wanazibua mtaro uliojaa tope na majani. Nikawa napita huku na huku nikirekodi. Mzee mmoja, suruali kaikunja hadi magotini, akanyoosha mgongo, akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi: "Mwanangu, jembe lako hilo mbona halina mpini?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu. Nikaiweka simu mfukoni, nikapewa koleo.

Tunajua kwamba kuondoa kinachoudhi njiani kumetajwa katika Hadithi ya matawi ya imani, kuwa ndilo tawi la chini kabisa. Nilivyokuwa nikiifahamu, nilimwona mtu anaokota mwiba au jiwe akaendelea na safari yake. Mtaro wa Biryogo ulinifundisha kwamba maudhi mengine yanahitaji saa tatu, watu arobaini na mgongo unaouma. Tena wengi kati ya hao arobaini hawakuwa Waislamu. Walikuwa wanaitoa haki ya njia bila kujua isnadi yake, nami niliyekuwa na isnadi nilisimama pembeni.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa jingine. Tulipopumzika niliitazama ile video. Nyuma ya yule mzee alionekana mama mmoja mlangoni kwake, na kamera ilipomwelekea alivuta khanga akajifunika uso, akaingia ndani. Wakati narekodi sikumwona hata kidogo. Tunapofundishana kuinamisha macho tunaishia kwenye mwanamume na mwanamke, na hilo ni kweli, limo katika Suratun-Nur. Simu, hata hivyo, nayo ni jicho. Jicho hili halipepesi, linakumbuka kila kitu, na watu elfu wanaweza kutazama kupitia humo bila mwenye nyumba kujua. Niliifuta video. Kumtaka radhi sikuthubutu, kwa sababu ningelazimika kubisha mlango ambao yeye alikuwa ameufunga kwa ajili yangu.

Baada ya kazi mzee alitualika chai kwenye ule mtaa uliofungwa kwa magari na kupakwa rangi, wenye meza na viti hadi katikati ya barabara. Leo vijana wa Kigali nzima huja hapo kwa chai na mishikaki. Mzee alitukumbusha kwamba zamani watu hawakuja Biryogo kwa kupenda. Uislamu uliingia na wafanyabiashara na watu wa pwani waliofuatana na Wajerumani. Kigali yenyewe ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na msikiti wa kwanza ukajengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipotawala, Waislamu waliwekwa katika mitaa yao peke yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka au kuingia kulihitaji ruhusa. Shule nyingi zilikuwa za misheni, hivyo watoto wao wengi wakaishia kwenye biashara ndogo, udereva na ushonaji. Neno "Mswahili" likawa karibu na tusi, mtu wa hila na maneno mengi. Suratul-Hujurat inatukataza kuitana majina mabaya, na hapa palikuwa na mtaa mzima uliobeba jina la namna hiyo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mzee alilitaja hilo huku akikoroga sukari, bila kusema zaidi.

Kwa hiyo mtaa huu umetazamwa na kuhesabiwa na wageni tangu zamani. Nilifahamu kwa nini khanga ilivutwa haraka vile.

Kuhusu kukataza mabaya nina neno moja. Sisi wanafunzi tumeifanya haki hii kuwa kazi ya kuwasahihisha dada zetu hijabu. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Waislamu wengi wa mitaa hii waliwaficha waliokuwa wakiwindwa, majumbani na misikitini, bila kuuliza dini wala kabila. Si Waislamu wote waliosalimika na dhambi ile, na tusijidanganye. Ila waliofunga mlango mbele ya wauaji walikataza munkari huku panga likiwa limeinuliwa. Mzee hakutusimulia lolote juu ya siku zile, nasi hatukumuuliza.

Mchana tulipanda Nyamirambo. Vinyozi, mafundi cherehani, vitenge vimetundikwa, maduka ya maziwa ambako tulikunywa ikivuguto, yale maziwa ya mgando, baridi na mazito. Tulipita karibu na kituo cha wanawake kilichoanzishwa na kina mama 18 wa hapo mwaka 2007. Wao wenyewe ndio huwatembeza wageni mtaani. Huo naona ndio utaratibu bora: mwenye nyumba ndiye anayekuonyesha nyumba. Jambo jingine niliona kwa mwenyeji wetu. Mimi nilikuwa nawasalimu wenye kofia na mitandio tu. Yeye hakumpita mtu: huyu "Assalaam alaykum", yule "Mwiriwe", na kila mmoja alimwitikia. Baada ya Alasiri nikaanza kumuiga, na matamshi yangu ya Kinyarwanda yakawa sadaka kwa watoto, walicheka sana.

Kabla ya kuondoka tulirudi kumuaga mzee. Safari hii niliomba ruhusa, nikampiga picha moja, amesimama kando ya mtaro wake na jembe lenye mpini. Akaniambia nimtumie. Simu yake ni ya kitochi, kwa hiyo nimeisafisha na nitampelekea mkononi Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa mbili kamili. Nimeshanunua koleo, atakayefuatana nami aje na lake.