Uelezaji wa Mahali katika Kiigbo: Tatizo la Mwanafunzi Msemaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiigbo ni mojawapo ya lugha kubwa za Nigeria, na wasemaji wake wa asili wako hasa kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Sawa na Kiswahili, kimo katika familia ya Niger-Kongo, lakini si lugha ya Kibantu na hakina upatanisho wa ngeli tuliouzoea. Makala haya yanachunguza namna Kiigbo kinavyoeleza mahali. Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi anayetafuta visawe vya vihusishi vya Kiingereza hupotea, ilhali sarufi ya Kiswahili ingemwongoza vizuri zaidi.

2.0 Vitenzi vya mahali

Tuchunguze mifano ifuatayo:

(1) Ọ nọ n'ụlọ. 'Yumo nyumbani.'
(2) Ọ dị n'ụlọ. 'Kimo nyumbani.'

Kitenzi *nọ* hutumika kwa watu na wanyama, na *dị* kwa vitu visivyo na uhai. Kwa hiyo husemwa pia *Enugu dị na Naịjirịa*, 'Enugu uko Nigeria'. Kiwakilishi *ọ* hakitofautishi mtu na kitu. Katika (1) na (2) ni kitenzi peke yake kinachotujulisha ni kipi kati ya hivyo kinachozungumziwa. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na viambishi vya kiima (*yu-*, *ki-*), na mizizi *-po*, *-ko* na *-mo* hueleza aina ya mahali. Kiigbo hakina utofautishaji huo wa mwisho katika kitenzi. Mwanafunzi wetu, basi, hana budi kuuliza kwanza "ni nani au nini?" kabla ya kuuliza "ni mahali pa namna gani?". Hata swali lenyewe humdai uamuzi huo: *Ebee ka nne gị nọ?* 'Mama yako yuko wapi?', lakini *Ebee ka akwụkwọ gị dị?* 'Kitabu chako kiko wapi?'.

3.0 Kihusishi *na* na nomino za mahali

(3) Akwụkwọ dị n'elu oche. 'Kitabu kipo juu ya kiti.'
(4) Nkịta nọ n'okpuru oche. 'Mbwa yupo chini ya kiti.'
(5) O si n'ahịa lọta. 'Alirudi kutoka sokoni.'
(6) Ọ gara ahịa. 'Alikwenda sokoni.'

Irabu ya *na* hudondoshwa mbele ya irabu, ndiyo maana huandikwa *n'*. Katika (3) na (4) kihusishi ni kilekile. Dhana za juu na chini zimebebwa na nomino *elu* na *okpuru*. Nyingine ni *ime* 'ndani', *azụ* 'nyuma', ambayo pia ni mgongo, na *ihu* 'mbele', ambayo pia ni uso. Nomino hizi hufuatwa moja kwa moja na nomino nyingine, pasipo kiunganishi mfano wa *ya*. Katika (5) maana ya 'kutoka' inatokana na kitenzi *si*, na katika (6) *na* haihitajiki kabisa.

Kusema kwamba *na* ina maana za 'ndani', 'juu' na 'kutoka' ni kuitwisha mzigo wa maneno jirani. Msemaji wa Kiswahili analijua jambo hili bila kufundishwa: *yuko sokoni*, *ametoka sokoni*, *amekwenda sokoni*. Kiambishi *-ni* hakibadiliki. Mwelekeo hutolewa na kitenzi. Tahadhari moja yafaa: *na* ya Kiigbo ina umbo jingine linalounganisha nomino, hivi kwamba *Ada na Obi* ina maana ileile katika lugha zote mbili. Ufanano huo usimfanye mwanafunzi aichukulie kila *na* kuwa kiunganishi.

4.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa Kiigbo hugawa kazi ya kueleza mahali baina ya kitenzi, kihusishi na nomino. Tunapendekeza ufundishaji uanze na *nọ* na *dị*, ufuatie nomino za mahali, na *na* ifundishwe ndani ya tungo, si katika orodha ya tafsiri. Lugha za Kiafrika zikiendelea kufunzwa baina yetu kwa kupitia Kiingereza, tutazidi kuona ugumu pasipo na ugumu, na kupitwa na ufanano ulio mbele ya macho yetu.