Kuuza samani zilizotumika: Taja aibu kabla ya bei

Katika Hadith iliyopokewa na Anas bin Malik (r.a.) na kuandikwa na Abuu Daud, mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu chochote. Alikuwa na tandiko, upande wakijifunika na upande wakilalia, na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, Mtume (s.a.w.) akavinadi. Mmoja akatoa dirham moja, mwingine akatoa mbili, akapewa. Dirham moja ilinunua chakula cha familia, na ya pili ikanunua shoka la kukatia kuni. Baada ya siku 15 mtu yule alirudi akiwa na dirham 10.

Ndugu msomaji, tazama mtaji ule ulitoka wapi. Ulitoka kwenye vyombo vya ndani vilivyokwishatumika, na kila aliyehudhuria aliviona jinsi vilivyo. Kwa hiyo kijana wa leo, hata mwenye shahada, asione haya kuanza na kitanda kimoja au kabati moja lililotumika. Mjini kama Dar es Salaam bidhaa hii haikosekani. Wafanyakazi huhamishwa, ofisi hubadilisha meza, na familia huhama nyumba. Kinachotakiwa ni macho ya kukagua, fundi mwaminifu na daftari.

Tuanze na kukagua. Pindua kiti, vuta droo zote, tikisa kitanda. Ukiona matundu madogo na vumbi laini kama unga, wadudu wamo ndani ya mbao. Pekua mishono ya sofa na maungio ya kitanda, kwani kunguni hujificha humo. Mninga au mkongo hutengenezeka tena kwa msasa na vanishi. Lakini kabati la mbao zilizogandishwa kwa unga wa mbao likishaloa huvimba, na skrubu hazishiki tena. Hilo liache hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Pili ni hesabu. Tuseme umenunua kabati kwa shilingi 80,000, guta likakubebea kwa 10,000, fundi na gundi 15,000, msasa na vanishi 10,000. Kabati hilo limekugharimu 115,000. Ukiliuza 150,000 faida yako ni 35,000, wala si 70,000 kama wengi wanavyojidanganya, wakala mtaji huku wakidhani wanakula faida.

Tatu, jua unanunua kwa nani. Mali ya wizi haiwi yako kwa sababu umeilipia. Mwenyewe akijitokeza ni haki yake kuichukua. Andikishaneni, awepo shahidi, na samani za ofisi zitoke na barua. Wapo pia wanaopiga picha sofa ambayo bado iko sebuleni kwa mwenyewe, wakapokea fedha za mteja kama kwamba ni yao. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza asichokuwa nacho. Ukitaka, kuwa dalali wa wazi, ujira wako ujulikane.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe. Biashara hii imejaa siri. Muuzaji anajua mguu ulivunjika ukagundishwa, anajua kunguni walikuwamo, na vanishi mpya imefunika yote. Mteja, ambaye mara nyingi ni mnyonge aliyeshindwa kununua kipya, anaona mng'ao tu. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta limeloa chini, alimlaumu muuzaji kwa kutoweka sehemu iliyoloa juu watu waione, na akabainisha kuwa mdanganyifu hayumo katika njia yake (Muslim). Vanishi juu ya ufa ni rundo lile lile.

Baadhi hujitetea kuwa wanauza kitu kama kilivyo. Maneno hayo hayamwondolei dhambi mtu aliyeijua aibu akaificha. Isitoshe, katika fiqhi mnunuzi akikuta aibu ya zamani aliyofichwa ana hiyari ya kurudisha kitu na kudai fedha zake. Basi mwambie mapema: mguu huu umeungwa, droo hii inakwama, ndiyo maana bei ni hii. Utapoteza wateja wawili wa leo, lakini yule wa tatu atakuletea shemeji yake.

Ukikosa mtaji, usikimbilie mkopo wa riba. Ingia mudharaba: mwenzio atoe fedha, wewe utoe kazi, faida mgawane kwa sehemu mliyokubaliana. Ikitokea hasara bila uzembe wako, ni ya mwenye fedha, nawe umepoteza jasho lako. Biashara ikikua, chukua TIN na leseni. Mwaka ukitimia, thamini samani zilizopo kwa bei ya siku hiyo, ujumlishe na fedha taslimu. Zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Randa na misumeno yako havimo katika hesabu hiyo.

Allah atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na kusimama Siku ya Kiyama tukidaiwa na mnyonge kwa ajili ya mguu wa kitanda. Amin.