Ameokoka, Je, Aache Methadoni?

Swali: Mwanangu alivuta heroini miaka mingi. Sasa ameokoka na anakunywa methadoni kliniki. Wazee wa kanisa wanasema aiache, imani yatosha. Nifanye nini? – Mama, Temeke

Jibu: Mama, asiiache ghafla. Methadoni hutuliza arosto (maumivu ya kukosa heroini) na hamu ya unga. Akiikatisha anaweza kurudia heroini, na mwili ukishapoteza uzoefu, kipimo cha zamani chaweza kumuua. Dawa si upungufu wa imani: Paulo anamtaja Luka kuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Imani ina kazi yake: maombi, toba, na ndugu watakaomwita ibadani asirudi kijiweni. Dozi apunguze daktari tu. Waombe wazee hao wamsindikize kliniki.